Mfuko Umejaa Kadi, Uwaonyesheje Wenzako? Vidokezo 10 vya Haraka

Maonyesho ya kadi yamekwisha, umerudi nyumbani na mfuko umejaa, na vidole vinakuwasha kushika simu. Vizuri sana! Nusu ya utamu wa kukusanya kadi za wachezaji ni kumwambia mtu mwingine "hebu tazama hii." Huku Marekani wikiendi haipiti bila ukumbi fulani wa hoteli au wa shule kujaa meza za kadi, na kila kiangazi hufika maonyesho makubwa kuliko yote, ambayo wakusanyaji huyaita kwa kifupi The National. Yalianza mwaka 1980, na mara nyingi hufanyika Rosemont, nje kidogo ya Chicago. Uwe umetoka huko au kwenye ukumbi wa kanisa wenye meza kumi tu, swali la jioni ni lile lile: nianze na ipi? Soma vidokezo hivi, chukua viwili vitatu vinavyokufaa, ukavitumie leo leo.

1. Mafungu matatu kwanza, picha baadaye

Kabla hujapiga picha hata moja, futa meza, kausha mikono, uzitandaze kadi zote. Kisha zigawe mafungu matatu: zile ulizokwenda kuzitafuta, zile ambazo hukuzitarajia lakini zilikusimamisha, na zile ulizozichukua kwa sababu muuzaji alikushushia bei ukinunua kwa pamoja. Unajua fungu la kuwaonyesha watu? La katikati! Ulizozitafuta zina maana kubwa kwako kwa sababu ulikuwa na orodha kichwani. Ila kadi iliyokufanya usimame ghafla, katikati ya ukumbi wenye maelfu ya kadi nyingine, ina kitu ndani yake, na hicho kitu mwenzako naye atakiona. Dakika kumi zinatosha. Chai yako itakuwa bado ya moto.

2. Unamwonyesha nani?

Mkusanyaji mwenzako anataka kujua mwaka, kampuni, namba ya kadi na hali ya pembe zake. Binamu yako wa Morogoro anataka kujua huyo mrefu ni nani. Hawa ni watu wawili, na ujumbe mmoja hauwatoshi. Kwa mkusanyaji, andika mstari mmoja mkavu: msimu, kampuni, jina, namba, basi. Kwa binamu, tuma picha na ujumbe wa sauti wa nusu dakika. Furaha ikisikika kwenye sauti yako, hata asiyejua kikapu kinachezwaje ataifungua picha aone kilichokufurahisha.

3. Leo tatu, nyingine zisubiri

Najua, unataka kuzitoa zote. Jizuie kidogo! Picha arobaini zikiingia kwenye kundi la WhatsApp kwa mpigo, watu watazipitia kwa kidole gumba mpaka chini na hakuna hata moja itakayobaki kichwani. Chagua tatu: moja ya zamani, moja nzuri kwa macho, na moja yenye simulizi. Zilizobaki ziwekee zamu: moja Jumatano jioni, nyingine Jumamosi. Mfuko wa siku moja unaweza kukuchukua mpaka maonyesho yajayo, na watu wakaanza kukuuliza wenyewe, "leo ni nani?"

4. Liheshimu sanduku la senti kumi

Kwenye kila ukumbi kuna lile boksi refu la karatasi ngumu, limewekwa pembeni mwa meza au hata chini yake, limeandikwa kwa kalamu nene bei ya senti kumi, au robo dola, au dola moja. Wengi hulipita wakikimbilia makasha ya kioo. Wewe, ukianza kuwaonyesha watu, anza na kilichotoka humo!

Sababu ni hii. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni za kadi zilichapa kwa wingi usio na kifani. Watu walinunua, wakahifadhi kwa uangalifu mkubwa wakitarajia utajiri, na kwa kuwa kila mtu alihifadhi, hakuna kilichokuwa adimu. Matokeo yake, leo wachezaji wakubwa wa enzi ile wanapatikana kwa pesa ya pipi. Dikembe Mutombo aliingia NBA mwaka 1991, akiwa wa 4 kuchaguliwa, na Denver Nuggets ndiyo iliyomchukua. Msimu ule wa 1991-92 kadi zake zilitolewa na Fleer, Hoops, SkyBox na Upper Deck. Mara nyingi utamkuta kwenye masanduku ya bei poa, akiwa bado kijana na jezi yake namba 55. Mtu huyo aliingia kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa kikapu mwaka 2015!

Ukionyesha kadi ya senti kumi, unamfungulia mlango anayekutazama. Anaona kwamba mchezo huu si wa matajiri, na kwamba Jumamosi ijayo na yeye anaweza kwenda na noti ya dola tano akarudi na furaha tele. Kadi ya dola mia tano itamfanya aseme "hongera" na kuendelea na shughuli zake.

5. Simulia mtu, siyo karatasi

Hapa tukae kidogo, maana ndipo penye utamu wote. Kadi ni karatasi ya sentimita 6.4 kwa 8.9. Uzito wake ni mtu aliyemo.

Mchukue Bismack Biyombo, mtoto wa Lubumbashi. Mwaka 2011 alikuwa wa 7 kuchaguliwa kuingia NBA. Kadi zake nyingi hazimtoi jasho muuzaji yeyote, na ukiituma picha peke yake, watu wataona jitu refu limeshika mpira. Sasa ongeza haya: baada ya kufiwa na baba yake, Biyombo alitoa mshahara wake wa msimu mzima aliochezea Phoenix Suns ukajenge hospitali nyumbani Kongo kwa heshima ya mzee huyo. Kando yake weka ile kadi ya Mutombo kutoka sanduku la bei poa. Mutombo naye alijenga hospitali Kinshasa, ikafunguliwa mwaka 2007, na ina jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Mmoja kwa ajili ya baba, mwingine kwa ajili ya mama. Kadi mbili, labda hazifiki bei ya soda, na umewapa watu jambo la kuzungumza chakula cha jioni kizima.

Unaona kilichofanyika? Kadi zimeanza kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Tafuta jozi za namna hiyo kwenye mfuko wako. Mfano mwingine: Jonathan Kuminga wa Goma alichaguliwa mwaka 2021, wa 7, na Golden State Warriors, na mwaka uliofuata akawa bingwa. Biyombo wa 7, Kuminga wa 7, miaka kumi katikati, na wote wawili wametoka miji ambayo Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani. Ukitaka kuongeza pilipili, Stephen Curry naye alikuwa wa 7, mwaka 2009.

Na mwaka huo wa 2009 una hazina yetu nyingine. Mtu wa pili kuitwa jina usiku wa kuchagua wachezaji wapya wa NBA, kabla ya James Harden aliyekuwa wa 3 na kabla ya Curry, alikuwa Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, aliyetokea Chuo Kikuu cha Connecticut. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA! Wachambuzi wa Marekani wakimtaja, huishia kwenye ulinganisho na wale waliochaguliwa baada yake, na mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kijana aliyeanza kuushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kumi na kitu, kwenye viwanja vya Dar, akafika hapo! Ukikutana na kadi yake ya msimu wa 2009-10, inunue, ipige picha vizuri, uiweke mbele ya wengine wote.

Wenzako ni watu wa soka? Kanuni ni hiyo hiyo. Tafuta kadi za Ligi Kuu ya Uingereza za miaka ya Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza ligi hiyo alipojiunga na Southampton mwaka 2013, au angalia kama utabahatika kumpata Mbwana Samatta wa siku za Aston Villa mwaka 2020.

Kama maneno hayaji, jaza mistari mitatu hii: huyu ni nani, ametoka wapi, na kwa nini nilisimama. Huo wa tatu ndio usiuruke kamwe. Mambo mengine mwenzako anaweza kuyatafuta mtandaoni, ila kilichokusimamisha wewe unakijua wewe tu.

6. Anza na mgongo!

Watu wengi hupiga picha mbele tu. Wanakosa nusu ya kadi! Nyuma ndiko kuliko na mahali alipozaliwa mchezaji, urefu wake, takwimu zake, na mara nyingine kichekesho kidogo kuhusu utoto wake. Topps ilipotoa seti yake maarufu ya mwaka 1952, yenye kadi 407 za besiboli, nyuma iliweka maelezo mafupi ya maisha ya mchezaji, takwimu za mwaka uliopita na za maisha yake yote ya uchezaji, na mtindo huo ukabaki.

Basi fanya mchezo. Tuma picha ya nyuma kwanza, jina umeliziba kwa sarafu, uulize: "Huyu ni nani?" Waache wahangaike na takwimu kwa saa moja, ndipo uweke picha ya mbele. Watoto wanaupenda mchezo huu mno, na wazazi wao wanaupenda zaidi, ingawa hawatasema. Atakayepatia apewe kadi moja ya ziada (njia ya kuituma iko kwenye kidokezo cha 10).

Jambo dogo la kuzingatia: kwenye kikapu andika msimu, siyo mwaka mmoja. Msimu huanza vuli na kuisha mwaka unaofuata, kwa hiyo ni 1991-92. Wakusanyaji watakuheshimu papo hapo.

7. Dirisha, kitambaa cheusi, na kioo cha simu kilichofutwa

Huhitaji kamera ya bei. Sogea dirishani mchana, zima flashi, tandika fulana nyeusi isiyo na maandishi, weka kadi juu yake. Futa kioo cha kamera ya simu kwa kitambaa laini, utashangaa tofauti! Kama kadi iko ndani ya kifuko kigumu kinachong'aa, inamisha simu kidogo mpaka ule mwale mweupe uondoke. Ukiweza kuitoa kwenye kifuko, ishike kwa kingo, usiguse uso wake.

Zile kadi zinazometa rangi za upinde wa mvua, ambazo Topps ilizianzisha kwenye seti ya Finest ya mwaka 1993, picha ya kawaida haizitendei haki, na skana ndiyo kabisa: huzifanya zionekane za kijivu. Piga video ya sekunde tatu ukiipindua kadi polepole kulia na kushoto. Sekunde tatu tu, na watu wataitazama mara tano.

8. Bei: amua mapema, kisha shikilia

Utasema umenunua shilingi ngapi, au hutasema? Zote ni sawa, ila chagua moja uifuate kila mara, usije ukataja bei ya zile za rahisi na kunyamaza kwenye zile za ghali. Ukitaja, taja uliyolipa. Ukitaka kutaja thamani, angalia kadi kama hiyo imeuzwa kwa kiasi gani hivi karibuni. Bei anayoitaka muuzaji mtandaoni ni ndoto yake tu mpaka atokee wa kuilipa.

Kwenye kundi la ukoo, ushauri wangu ni kunyamaza. Shangazi akisikia "dola sitini kwa kadi moja," swali linalofuata linahusu ada ya shule ya mtu, na Jumapili yako imeisha.

Halafu jiandae kwa swali ambalo lazima litakuja: "Kwa hiyo na hizi zitakuwa mamilioni?" Jibu liwe tayari mfukoni. Ndiyo, mwezi Agosti 2022 kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, ya Topps ya mwaka 1952, iliuzwa dola milioni 12.6. Lakini hiyo ilikuwa na hali ya ajabu kwa umri wake, na wenzake wengi hawapo: Sy Berger, mfanyakazi wa Topps aliyeibuni seti ile, alisimulia jinsi mabaki yake yasiyouzika yalivyopakiwa kwenye mashua mwaka 1960 na kumwagwa Atlantiki. Zako za miaka ya 1990 hazikumwagwa popote. Ziko salama kwenye vyumba vya chini vya nyumba za Marekani nzima, ndiyo maana umezipata kwa senti kumi ukafurahi!

9. Onyesha kadi, ficha mengine

Kidokezo kifupi, ila usikipuuze. Kadi zilizopewa alama ya ubora na kampuni kama PSA, ambayo imekuwa ikiifanya kazi hiyo tangu mwaka 1991 kwa kipimo cha 1 hadi 10, huja ndani ya kasha gumu lenye lebo na namba yake ya pekee. Matapeli huzinakili namba hizo wakatengeneza makasha ya bandia, kwa hiyo weka kidole gumba juu yake unapopiga picha. Usionyeshe rafu unakozihifadhi wala dirisha linalotambulisha nyumba yako. Za ghali zitume ukiwa umesharudi nyumbani, siyo ukiwa bado ukumbini. Na ukitaka kupiga picha meza ya muuzaji, muulize kwanza. Wengi watakubali kwa furaha, na wengine watakutolea kadi nzuri zaidi kutoka chini ya meza ili uipige hiyo!

10. Gawa za ziada

Kumbuka lile fungu la tatu, la zilizokuja kwa kushushiwa bei? Lina kazi yake. Hakuna picha inayoshinda kadi halisi mkononi, hasa mkononi mwa mtoto ambaye hajawahi kuishika hata moja. Ukipata mbili za mchezaji mmoja, moja ina mwenyewe tayari, hujamjua tu jina.

Kufunga ni rahisi. Ingiza kadi kwenye kifuko laini cha plastiki, kisha kwenye kifuko kigumu. Mdomo uzibe kwa utepe wa karatasi wanaotumia wapaka rangi, siyo selotepu, na ukunje ncha yake ili mpokeaji apate pa kushika anapoufungua. Weka kati ya vipande viwili vya boksi, funga kwa utepe, tia kwenye bahasha. Kwa mtu wa Lexington au Toronto hiyo inatosha.

Kwa wa Mombasa, Bukavu au Dar, kuna njia tunayoijua sote: mtu anayesafiri. Jaza ukurasa mmoja wa plastiki wenye mifuko tisa, kadi tisa, kila moja na kijikaratasi kidogo nyuma yake chenye ile mistari mitatu ya kidokezo cha 5. Ukurasa huo hauna uzito wa kumnyima msafiri kilo zake, kwa hiyo hana sababu ya kukataa. Mwambie tu asiutie kwenye begi kubwa. Aubebe mkononi, katikati ya kitabu kikubwa.